Mwisho Tunaujua, Tusome: Hotuba Kuhusu Riwaya Nyepesi za Wanawake wa Kusini mwa Marekani

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanachama wa kikundi chetu cha usomaji. Inachapishwa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, dada zangu na kaka zangu, nanyi vijana mliokuja kutusikiliza jioni ya leo: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi kwa kuikubali mada ambayo, ilipotangazwa, baadhi yenu mliipokea kwa mguno.

Nimekuja kuzungumzia riwaya nyepesi za wanawake wa Kusini mwa Marekani, yaani zile zinazoandikwa na wanawake wa Georgia, Alabama, Louisiana na Carolina zote mbili, zikiwahusu wanawake wa huko huko, na ambazo wasomaji wake wengi ni wanawake. Mnazifahamu hata kama hamjawahi kuzipa jina. Ni vile vitabu vyenye jalada la rangi ya bahari, kiti cha mbao barazani, kofia pana ya ukindu na pengine jozi ya kandambili mchangani, ambavyo huingia nchini pamoja na mitumba mingine na kuishia kwa wauza vitabu wa kando ya Barabara ya Samora, vikiwa vimepangwa kati ya kamusi kuukuu na vitabu vya uhasibu. Bei yake haiumizi. Mara nyingine ukikifungua kimoja unakuta chembe za mchanga katikati ya kurasa, mchanga wa ufukwe ambao wewe hujawahi kuukanyaga.

Swali nililoulizwa na mwanachama mmoja, tena kwa heshima zote, lilikuwa hili: kwa nini mtu mzima mwenye akili zake, mwenye kazi, watoto na foleni za kuvumilia asubuhi na jioni, atumie saa zake chache za kupumzika kusoma kitabu ambacho mwisho wake ameshaujua kabla hajafika ukurasa wa ishirini?

Sitaanza kwa kukana. Vitabu hivi vinatabirika. Tuliseme hilo waziwazi, na tuseme ni kwa kiasi gani. Mwanamke aliyevuka miaka 40 amevunjikiwa ndoa, au amepoteza kazi, au yote mawili, katika mji mkubwa kama Atlanta au Chicago. Inamfikia habari kwamba bibi yake amefariki na kumwachia nyumba katika mji mdogo wa pwani. Nyumba inavuja. Anakwenda akiwa na nia ya kuiuza haraka na kurudi alikotoka. Anamkuta shangazi mwenye ulimi mkali na moyo mkubwa, rafiki wa utotoni ambaye waligombana kwa jambo ambalo hakuna anayelitaja, na mwanamume mmoja mwenye mikono ya fundi, mara nyingi mjane, mara nyingi mwenye mbwa, ambaye anatengeneza mashua au mapaa. Darini kuna sanduku la barua. Kiangazi kinapokaribia kwisha kinakuja kimbunga. Nyumba inasimama. Nyumba haiuzwi.

Ni nani kati yenu ambaye hajakisoma kitabu hicho? Na ni nani kati yenu aliyekisoma mara moja tu?

Jambo la kwanza ninalotaka tulitafakari ni kwamba shutuma hii ya kutabirika haigawiwi kwa haki. Kaka zangu wa rika langu, ninyi mliosoma riwaya pendwa za Kiswahili tangu mkiwa shuleni, naomba mnijibu kwa dhati. *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba ilipotoka mwaka 1974, na baadaye *Kikosi cha Kisasi*, na baadaye *Njama*, je, kulikuwa na msomaji hata mmoja aliyeamini kwamba Willy Gamba, yule mpelelezi wake, angekufa? Mlijua kwamba atafungwa kamba na mlijua kwamba atazifungua. Mlijua kwamba kutakuwa na msichana mrembo ambaye ama ni adui ama ni mwenzake. Mlijua yote hayo, na bado kitabu kimoja kilizunguka bweni zima mpaka jalada likachanika, kwa sababu mlichotaka kujua ni atatokaje, kwa ujasiri gani, katika mji gani wa Afrika, na nani atamsaliti njiani. Hakuna aliyewauliza kwa nini mnapoteza muda. Mwanamume akisoma kitabu anachoujua mwisho wake, tunasema anajiburudisha; mwanamke akifanya hivyo hivyo, tunatilia shaka akili yake.

Dharau hiyo si ya leo wala si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1855 mwandishi mashuhuri wa Marekani Nathaniel Hawthorne, akiwa balozi mdogo wa nchi yake mjini Liverpool, alimwandikia mchapishaji wake barua ya kulalamika kwamba Marekani sasa imeachiwa kundi la wanawake wanaoandika ovyo, na kwamba yeye hana nafasi ya kufanikiwa maadamu wasomaji wameshikwa na takataka zao. Alikuwa na kipaji kikubwa, na vitabu vyake vinafundishwa hadi leo. Lakini barua ile ilitoka kwa mtu aliyekuwa akishindwa sokoni na akina mama.

Miaka michache tu baadaye akatokea Augusta Jane Evans, mzaliwa wa Columbus, Georgia, aliyeishi Mobile, Alabama, na riwaya yake *St. Elmo*, moja kati ya riwaya zilizouzwa kwa wingi mno katika karne nzima ya 19 huko Marekani. Ndani yake yumo Edna Earl, binti yatima anayejisomesha mpaka anakuwa mwandishi anayeheshimika, na yumo mwanamume tajiri, mjeuri, mwenye dhambi nyingi na macho ya kuvutia. Mnahitaji niwaambie mwisho? Mwanamume anatubu, anakuwa mchungaji, na Edna anakubali kuolewa naye. Wasomaji wa wakati ule waliuona mwisho huo kutoka mbali kama mnavyouona ninyi, na walikipenda kitabu kiasi cha kuvipa vitongoji jina la St. Elmo, kimojawapo kipo Alabama mpaka leo. Namtaja Evans kwa sababu nyingine pia, ambayo si nzuri: alikuwa muumini mkubwa wa upande wa Kusini, uliopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tusilisahau hilo, maana tutalirudia.

Ndugu wasomaji, sasa nije kwenye moyo wa hoja yangu, na hapa mniruhusu nimtaje shangazi yangu.

Shangazi aliuguzwa kwa muda mrefu nyumbani kwetu Tanga, na katika miezi yake ya mwisho hakupenda redio wala televisheni, alipenda kusomewa. Kiingereza hakukijua. Nilikuwa nikisoma kimoyomoyo aya mbili tatu kisha namsimulia kwa Kiswahili, na nilichokuwa nacho wakati ule kilikuwa ni riwaya kama hizi, nilizozinunua Dar es Salaam. Yeye amelala ubavu, chai yake ya tangawizi imefunikwa kwa kisahani isiingie nzi, macho ameyafumba, nami sijui kama amesinzia au ananisikiliza. Tulipofika mahali ambapo mwanamume mmoja anapita nyuma ya nyumba amebeba ngazi, akasema bila kufumbua macho, “Mwanangu, ndiye huyo.”

“Shangazi, mbona hata jina lake halijatajwa?”

“Ndiye. Endelea.”

Ndiye alikuwa. Shangazi alikuwa na uhakika wake tangu mwanzo, na uhakika huo haukumpunguzia hamu hata kidogo; ulimwachia nafasi ya kuuliza maswali ambayo mimi, mwalimu wa fasihi, sikuwa nimeyawaza. Yule mama anapougua usiku, ni nani anayeamka? Huyo mke mpya wa mume, akikutana na huyu wa zamani dukani, wanasalimianaje? Bibi alipozikwa, majirani walileta chakula gani, na vyombo vilirudishwa na nani? Katika kitabu kimoja, mhusika aliamua kuuza vyombo vya jikoni vya bibi yake pamoja na nyumba, likiwemo kaango la chuma ambalo lilikuwa limepikiwa tangu ujana wa marehemu. Shangazi alifumbua macho. “Kaango la bibi linauzwaje?” Alikasirika kweli, akakataa nisiendelee mpaka nimhakikishie kwamba kaango litaokolewa. Nilipekua kurasa za mbele, nikaona limeokolewa, nikamwambia. Ndipo akaniruhusu tuendelee.

Mnaona lilivyo jambo hili? Riwaya ya upelelezi inakukimbiza, hii inakutembeza. Msomaji ambaye hana hofu ya mwisho ana macho ya kutazama kandokando, na huko kandokando ndiko waandishi bora wa aina hii walikoweka mali yao.

Mchukueni Mary Kay Andrews. Jina lake halisi ni Kathy Hogan Trocheck, na kabla ya kuwa mtunzi alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la *Atlanta Journal-Constitution*, kisha akaandika riwaya za upelelezi kwa jina lake mwenyewe. Katika *Savannah Blues*, iliyotoka mwaka 2002, mhusika wake Weezie Foley ametalikiwa na kupewa kile kinyumba cha nyuma kilichojengwa zamani kwa ajili ya magari ya farasi, huku mume akibaki katika nyumba kubwa ya mbele pamoja na mchumba wake mpya. Kila asubuhi akichungulia dirishani anawaona. Hebu fikirieni mateso hayo, na fikirieni mwandishi aliyeweza kuyapata katika mgawanyo wa kiwanja kimoja! Lakini Weezie ana kazi, na kazi yake imeandikwa kwa ujuzi. Anaishi kwa kutafuta fanicha na vyombo vya kale katika mauzo yanayofanyika majumbani baada ya mwenye nyumba kufariki, ambako wanunuzi hupanga foleni alfajiri, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuingia. Watu wa biashara hiyo huvuta droo ya meza na kuigeuza kutazama viungo vyake, kwa maana viungo vilivyochongwa kwa mkono vinasema umri wa meza vizuri kuliko anavyosema muuzaji. Nani atapinga kwamba hayo ni maarifa? Mwisho wa kitabu nilishaujua. Habari za soko hilo sikuzijua.

Au mchukueni Fannie Flagg wa Alabama, ambaye mkahawa wa riwaya yake ya mwaka 1987, *Fried Green Tomatoes at the Whistle Stop Cafe*, ulitokana na mkahawa wa kweli kando ya reli huko Irondale, karibu na Birmingham, uliokuwa ukiendeshwa na Bess Fortenberry, mwanamke wa ukoo wake mwenyewe. Chakula katika vitabu hivi ni habari kamili: nani amepika, nani ameketi mezani, nani amekula akiwa amesimama jikoni. Shangazi alilijua hilo mara moja. Niliposoma kuhusu chakula cha mwaka mpya cha pwani ya Carolina, ambacho ni wali uliopikwa pamoja na kunde na kipande cha nyama ya nguruwe, alisema, “Hicho ni chakula chetu, waitoe tu hiyo nyama.” Hakuwa mbali na ukweli. Kunde ni zao la Afrika, na mashamba ya mpunga yaliyoitajirisha Carolina yalilimwa na watu waliotekwa Afrika ya Magharibi, ambao walikuja na ujuzi wa mpunga kichwani mwao.

Jambo lingine, na hili nalipenda sana, ni kwamba katika pwani ile maisha yenyewe yanatabirika, na mwandishi anayeandika kwa mpangilio unaojulikana anaandika kalenda ya mahali pake.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki unaanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 30 Novemba, kila mwaka. Kuanzia Mei kasa wakubwa wanapanda ufukweni usiku kutaga, na kila shimo linaweza kuwa na mayai zaidi ya 100. Baada ya takriban miezi miwili vitoto vinatoka na kukimbilia upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu enzi na enzi ulikuwa ni bahari iliyong'aa kwa mwezi na nyota. Siku hizi ni taa za baraza za nyumba za kifahari, kwa hiyo watu wa ufukweni hutakiwa kuzima taa zao msimu mzima. Alfajiri wapo wanaotembea mchangani kutafuta nyayo za kasa, kuyawekea mashimo alama na kuyahamisha mayai yaliyo hatarini kufikiwa na maji. Mwandishi Mary Alice Monroe, anayeishi kisiwa cha Isle of Palms, South Carolina, ni mmoja wa watu hao wa kujitolea. Riwaya yake *The Beach House*, ya mwaka 2002, inamhusu Cara, ambaye jina lake kamili ni Caretta, jina la kisayansi la kasa hao, kwa kuwa mama yake ndiye anayewalinda. Cara amepoteza kazi Chicago, anarudi nyumbani, na anakuta mama yake ana saratani.

Mama atakufa. Msomaji anajua, Cara anajua, mama anajua kuliko wote. Je, mngetaka mwandishi awashangaze kwa kumponya? Je, kasa wasingetaga mwaka huo ili tu sisi tusichoke? Kinachoshika moyo katika kitabu hicho ni kwamba mama na binti, ambao walikaa miaka mingi bila kuelewana, wana msimu mmoja wa kasa wa kufanya kazi pamoja, na msimu huo una mwanzo na mwisho unaojulikana. Hiyo ndiyo hali ya kila mtu aliyewahi kumuuguza mzazi. Mimi niliyasoma hayo baada ya shangazi kuondoka, na sioni aibu kuwaambia kwamba nilikifunga kitabu mara kadhaa kabla sijaweza kukimaliza.

Na kimbunga je? Wachambuzi hukidhihaki kimbunga cha sura ya mwisho. Lakini waulizeni watu wa visiwa vile kuhusu Hugo, kilichoingia karibu na Charleston usiku wa kuamkia tarehe 22 Septemba 1989. Daraja la Ben Sawyer, linalounganisha Sullivan's Island na bara, lilipindishwa mpaka ncha yake moja ikaingia majini, na watu waliohamishwa hawakuweza kurudi kwa gari kuangalia kama nyumba zao bado zipo. Mwandishi wa eneo hilo anapotia kimbunga katika kitabu, anatia jambo ambalo majirani zake wanalihesabu kama sisi tunavyohesabu masika.

Sasa ndugu zangu, nisingekuwa mwaminifu kwenu kama ningeishia kwenye sifa. Nilisema tutarudia jambo la Augusta Evans.

Kuna faraja ambazo riwaya hizi zinatupa kwa gharama ya kunyamaza. Turudi kwenye ile nyumba ya bibi. Dorothea Benton Frank, aliyekulia Sullivan's Island na kufariki mwaka 2019, alisimulia mara nyingi jinsi alivyoanza kuandika: mama yake alipofariki na nyumba ya familia kisiwani ikawa inauzwa, alitamani kuinunua, mume wake hakukubali, naye akaapa kwamba ataandika vitabu apate fedha zake mwenyewe. Riwaya yake ya kwanza ilibeba jina la kisiwa hicho na ilipata wasomaji wengi mno. Nampenda mwanamke huyu kwa kiapo hicho. Vitabu vyake vina kicheko cha kweli, na nyumba ya mama ndani yake ina uzito kwa sababu yeye aliijua ladha ya kuikosa.

Lakini kisiwa hicho hicho ndicho ambako Waafrika wengi sana waliouzwa Marekani walikanyaga nchi kavu kwa mara ya kwanza, wakiwekwa kwanza katika nyumba za karantini kabla ya kupelekwa mnadani Charleston. Mwaka 1989 mwandishi Toni Morrison alisema kwamba hakuna mahali pa kuwakumbuka watumwa, hakuna hata benchi dogo kando ya njia. Mwaka 2008 jumuiya iliyopewa jina lake iliweka benchi hapo Sullivan's Island, na yeye mwenyewe alikuja akaketi. Katika riwaya ngapi za ufukwe ule mhusika hupita karibu na mahali hapo akienda kuogelea, na mwandishi asiseme neno?

Na kuna nyumba nyingine za bibi. Watu wa Gullah Geechee, wazao wa watumwa wa mashamba ya mpunga na pamba ya visiwa, walinunua ardhi baada ya ukombozi na kuirithishana bila wosia wa maandishi. Kisheria kila mjukuu na kitukuu akawa na sehemu isiyogawanywa ya shamba zima. Mlango ukawa wazi kwa hila moja: kampuni ya ujenzi inanunua sehemu ya mrithi mmoja aliyehamia mbali, kisha inakwenda mahakamani kuomba shamba zima liuzwe kwa mnada. Hilton Head kilikuwa kisiwa cha Wagullah kwa sehemu kubwa kabla daraja halijajengwa mwaka 1956. Leo ni kisiwa cha mahoteli na viwanja vya gofu. South Carolina ilipitisha sheria ya kuwalinda warithi wa namna hiyo mwaka 2016, na ikaipa jina la Clementa Pinckney, mchungaji na seneta wa jimbo aliyeuawa pamoja na waumini 8 ndani ya kanisa lake mjini Charleston mwaka mmoja kabla.

Kwa hiyo tunaposoma habari ya mwanamke anayeletewa barua kwamba amerithi nyumba ya pwani, na matatizo yake makubwa yakawa ni paa linalovuja na ndugu asiyetaka kusaidia, tujue kwamba kilomita chache kutoka hapo kuna mwanamke mwingine ambaye barua yake imetoka mahakamani. Riwaya nyepesi ingeweza kumbeba. Wepesi haumkatazi mtu kuona. Tina McElroy Ansa wa Georgia, aliyeanza na *Baby of the Family* mwaka 1989, aliandika habari za familia ya watu weusi katika mji mdogo wa kubuni, yenye bibi, jiko, vicheko na mizuka, na hakuhitaji kuwaficha watu wake jikoni mwa mtu mwingine ili kitabu kiburudishe. Ninaposoma riwaya ambamo mwanamke mweusi anaingia na sinia, anatoa ushauri wa busara na kutoka, bila watoto, bila nyumba, bila siku yake ya mapumziko, hapo ndipo utabirifu unaponiudhi kwa dhati. Yule fundi mwenye ngazi hajawahi kuniudhi. Huyu mwenye sinia, aliyenyimwa hata jina la ukoo, ananiudhi kila mara.

Hiki ndicho kipimo ninachokitumia, na nawaomba mkijaribu. Mwisho wa kitabu siuhoji kabisa. Ninauliza kama mwandishi anaijua kazi anayofanya mhusika wake. Kama chakula kimepikwa na mtu mwenye jina. Kama shangazi mwenye ulimi mkali ana huzuni yake mwenyewe au amewekwa tu kutuchekesha. Na kama nyumba ina historia inayozidi ile ya ukoo unaoirithi. Vitabu vingi vya aina hii vinaanguka katika maswali hayo, nami huviacha katikati bila majuto. Vinavyofaulu ninavirudia, na ninavirudia nikiwa nimeshajua hata ukurasa ambao mvua itaanza.

Kwa mwezi ujao napendekeza tusome *The Beach House*. Nakala zilizopo ni chache, kwa hiyo Mwenyekiti amekubali zizunguke kwa majuma mawili mawili, na waanze wale ambao nyumbani kwao kuna mgonjwa, kama wenyewe wanaona inawafaa. Wengine, ambao jambo hilo bado ni bichi kwao, wasilazimishwe. Nawaomba kila mmoja aandike pembeni, anaposoma, mahali alipotabiri sawasawa na kile alichokiona wakati akisubiri utabiri wake utimie. Tutakapokutana tulinganishe hivyo vya pili. Vile vya kwanza nina hakika vitafanana.

Nimeona mikono miwili imeshainuliwa kule nyuma, na kaka yangu wa Willy Gamba hapa mbele naona hajaridhika. Karibuni tujadiliane.